UZI: Alovera na ngozi. Hiyo "imethibitishwa kisayansi" ni alovera ipi, na kwa ugonjwa gani?

#1 Mleta mada

Heshima kwenu wakuu.

Kila ukifunguliwa uzi wa ngozi humu, iwe chunusi, iwe madoa, iwe kuungua, haifiki michango kumi kabla hajatokea mtu wa kuandika "paka alovera, imethibitishwa kisayansi." Akishaandika hivyo anatoweka. Imethibitishwa kwa tatizo lipi? Ilitumika sehemu gani ya mmea? Ilishindanishwa na nini? Hapo hajibu mtu. Nikaamua kuzisoma tafiti zenyewe badala ya kuwasoma wanaozisifia.

Mniwie radhi, maelezo ni marefu. Na nisieleweke vibaya, mimi si adui wa mitishamba. Mshubiri, yaani mmea wenyewe wa alovera, ninao nyumbani na ninaukata. Ila niliyoyakuta humo yamenifanya niache kusema "alovera inatibu ngozi" kama vile ngozi ina ugonjwa mmoja na alovera ni kitu kimoja.

Sifa za kisasa za mmea huu zilianzia kwenye eksirei. Miaka ile mionzi ikiwa bado ngeni, watu waliunguzwa ngozi na vidonda vyake vilikuwa sugu. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Marekani, wote wakiitwa Collins, walichapisha ripoti ya mgonjwa aliyeharibiwa ngozi na eksirei, wakamtibu kwa jani bichi la mshubiri, ngozi ikarudi. Mgonjwa mmoja. Hakuwepo wa kumlinganisha naye. Lakini ripoti ile ndiyo iliyowafanya madaktari waanze kuuangalia mmea huu kwa jicho jingine.

Sasa ruka hadi 1996. Wanawake 194 waliokuwa wakipigwa mionzi kwa ajili ya saratani ya matiti waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakapaka jeli ya alovera, wengine jeli ya kufanana nayo isiyo na alovera hata tone. Mgonjwa hajui kapewa ipi, daktari naye hajui. Ukali wa kuungua ulipopimwa, makundi yote mawili yakawa karibu sawasawa. Mwaka 2002, huko Australia, wagonjwa 225 wa saratani hiyohiyo walishindanisha jeli ya alovera na krimu ya kawaida tu ya kulainisha ngozi, na krimu ndiyo iliyoshinda kwenye maumivu na kwenye kuambuka kwa ngozi. Yaani mmea uliangukia palepale ulipopatia jina.

Hilo lilinishtua kidogo. Lakini kisa kilichoninyima usingizi ni cha soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka mekundu yenye magamba meupe.

Mwaka 1996 (mwaka huohuo, angalieni) ilichapishwa tafiti ya wagonjwa 60. Thelathini walipewa krimu yenye asilimia 0.5 ya dondoo la alovera, thelathini krimu tupu. Kwenye alovera walipona 25, yaani asilimia 83. Kwenye krimu tupu walipona wawili. Wawili! Ukiona namba kama hizo kwa ugonjwa sugu kama soriasisi unatakiwa ufurahi kwanza, kisha ukae chini uanze kushuku. Tafiti hii ndiyo inayonukuliwa na karibu kila tangazo la alovera mnaloliona.

Mwaka 2005 madaktari wa Denmark wakajaribu tena, wagonjwa 41, na mbinu yao ilikuwa tamu: kila mgonjwa alijilinganisha na nafsi yake, upande mmoja wa mwili jeli ya alovera iliyopo sokoni, upande mwingine jeli bandia. Waliomaliza wakawa 40. Matokeo? Upande wa alovera mabaka yalipungua kwa asilimia 72.5 ya wagonjwa. Mtu akikupa namba hiyo peke yake utakimbia kununua. Upande wa jeli bandia yalipungua kwa asilimia 82.5.

Someni tena hapo. Jeli isiyo na kitu iliishinda alovera.

Sasa nani mkweli? Mimi naona kitendawili hakipo kwenye alovera, kipo kwenye kile kilichowekwa upande wa pili. Soriasisi ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na magamba yake hulainika ukipaka karibu kitu chochote chenye unyevu mara mbili kwa siku bila kukosa. Kwa hiyo kundi la krimu tupu ambalo wamepona wawili tu kati ya thelathini ndilo linalohitaji maelezo kuliko lile la alovera. Denmark walikuta binadamu wa kawaida: ukimpaka kitu, kwa sehemu anapata nafuu.

Ila uzani haujalala upande mmoja. Mwaka 2010 Thailand walichukua wagonjwa 80 wa soriasisi hafifu hadi ya wastani, wakashindanisha krimu ya alovera na triamsinoloni ya asilimia 0.1, ambayo ni steroidi halisi inayoandikwa na madaktari. Baada ya wiki 8 alama za ukali kwenye kundi la alovera zilishuka kutoka 11.6 hadi 3.9, na kwenye steroidi kutoka 10.9 hadi 4.3. Alovera haikuaibika hata kidogo. Lakini hapo hakukuwa na kundi la krimu tupu, kwa hiyo swali la Wadenmark limebaki linaning'inia palepale.

Nitaendelea na kuungua na vidonda, ngoja nipumzishe vidole.

#2 Ngozi Kavu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, usitukimbie kama wale wa "itaendelea" ambao mwaka wa tatu sasa hawajaendelea.

#3 Mleta mada

Siendi popote.

Kuungua kwa moto ndiko alovera inakosimama vizuri zaidi. Mwaka 2007 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nne zenye wagonjwa 371 kwa jumla. Walioungua wakatibiwa kwa alovera walipona mapema kwa takriban siku 9 kuliko wale wa matibabu ya kawaida, kama shashi yenye Vaseline au silva salfadiazini, krimu ya hospitali ya kupaka walioungua. Siku 9 kwa mtu aliyeungua si haba.

Doa lake ni hili: tafiti zenyewe zilikuwa ndogo na kila moja ilitumia bidhaa yake. Moja ute mbichi, nyingine krimu, nyingine unga. Wachambuzi wenyewe walikiri kwamba ni vigumu kusema ni bidhaa ipi mtu aipake na kwa kiasi gani. Na tunazungumzia kuungua kwa juu, daraja la kwanza na la pili. Ngozi iliyobabuka hadi ikawa nyeupe au nyeusi na haisikii maumivu, hiyo ni ya hospitali, na kila dakika unayoipoteza kumenya jani ni dakika ya hatari.

Na kabla ya alovera, maji. Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Barafu hapana. Hakuna jani linaloshinda maji katika dakika hizo za mwanzo.

Kwa vidonda vya kawaida sifa zinapungua nguvu. Cochrane, wale wenye kazi ya kuchuja tafiti za tiba, walitoa uchambuzi mwaka 2012. Wakapata tafiti saba tu zinazofaa, watu 347, na hitimisho lao likawa kwamba ushahidi hautoshi kuunga mkono wala kukataa. Mtu akisema "imethibitishwa kwa vidonda", mwambie wachujaji hawajathibitisha.

Kuna nyingine ya mwaka 1991 ambayo wauza jeli huwa hawaigusi kabisa. Wanawake 21 waliokuwa na mshono wa tumbo uliofumuka, baada ya kujifungua kwa upasuaji au upasuaji mwingine wa tumbo, kidonda kikaachwa wazi kijijaze chenyewe kutoka chini. Wenye matibabu ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Walioongezewa jeli ya alovera, siku 83. Mwezi mzima wa ziada.

Kwa hiyo wamama wenye mshono ambao haujafunga, naomba sana, jani liacheni dirishani.

#4 Chungu Tamu

Mleta mada una akili ila una kasoro moja, umesoma sana kuliko unavyoishi. Wazee walitumia mmea huu maelfu ya miaka, hawakuwa na "kundi la jeli bandia" na walipona. Leo mpaka mzungu aandike 2007 ndipo mkubali. Hii ni kujidharau.

#5 Mleta mada

Mzee wangu Chungu Tamu, shikamoo. Hoja yako naiheshimu na sitaipuuza, maana nami nilikuwa naisema hivyohivyo.

Ila nikuulize jambo moja. Tunasema kitu ni "chungu kama shubiri". Umewahi kulamba ule ute wa katikati ya jani, ule unaong'aa kama kioo, baada ya kuosha vizuri? Si mchungu. Hauna ladha ya maana. Uchungu uko kwenye utomvu wa njano unaochuruzika chini ya ganda la jani ukilikata. Kwa maneno mengine, lugha yenyewe inatoa ushahidi: kile ambacho wazee walikijua kwa jina la shubiri kilikuwa ule utomvu, uliokaushwa ukawa mabonge ya kahawia meusi, ukasafirishwa na kuuzwa kama dawa kwa karne nyingi. Kazi yake kuu ilikuwa kulegeza tumbo. Dioscorides, daktari wa Kigiriki wa karne ya 1, aliiandika hivyo, na alipoigusa habari ya majeraha alimaanisha shubiri hiyohiyo kavu, inyunyizwe juu.

Leo tunapaka ute, tunamwaga utomvu, halafu tunadai ushahidi wa "maelfu ya miaka". Kwa kiasi kikubwa, maelfu hayo ya miaka ni ya kitu kingine kutoka jani hilohilo. Mimi hapo ndipo naona kichwa cha uzi huu kilipo.

Na wazee hawakuwa wajinga hata kidogo, waliuonja mmea wakajua una vitu viwili. Sisi ndio tumechanganya.

#6 Chungu Tamu

Marahaba kijana. Hapo kwenye kuonja umenipata. Nakubali nusu, nusu nyingine nitaikubali kesho nikiamka vizuri.

Halafu nikuongezee: shubiri na subira vinatoka kwenye shina moja la Kiarabu. Anayekunywa shubiri anahitaji subira. Endelea.

#7 Mama Wawili

Jamani, hebu nisaidieni kwa hili la utomvu. Mimi niliungua shingoni kwa jua, nikakata jani, nikalipasua katikati na kulisugua hivyohivyo na ganda lake. Siku ya kwanza raha. Siku ya pili shingo ikaanza kuwasha, ya tatu ikatoa vipele vidogo vyekundu mpaka nikashindwa kuvaa mkufu. Rafiki yangu akaniambia "ndiyo inatoa sumu, endelea." Nikaendelea siku mbili zaidi, nikajuta.

#8 Mtu wa Maabara

Pole sana dada. Na tafadhali mwambie rafiki yako kwamba ngozi inayowasha na kutoa vipele baada ya kupakwa kitu haitoi sumu, inalalamika.

Nimekuwa nasoma kimyakimya, ngoja nichangie upande wangu, maana nafanya kazi ya kupima viambato.

Jani la mshubiri lina tabaka tatu. Nje ganda la kijani. Chini yake mishipa inayobeba utomvu wa njano, na humo kuna kundi la kemikali ziitwazo antrakinoni, maarufu ni aloini. Katikati ndiyo nyama yenyewe, ute. Antrakinoni ndizo zinazoshukiwa zaidi ngozi ya mtu inapokasirika, na ukisugua jani zima lililopasuliwa unajipaka utomvu na ute kwa pamoja. Wapo pia wachache ambao hata ute safi unawadhuru, ngozi ni za watu tofauti.

Ute wenyewe ni maji kwa takriban asilimia 99. Hiyo moja iliyobaki ndiyo inayopiganiwa: sukari ndefu zilizoungana kama shanga kwenye uzi, maarufu inaitwa asemanani, pamoja na asidi kidogo, madini, vimeng'enya. Asemanani ndiyo tunayoitafuta tukitaka kujua kama kwenye chupa kuna alovera kweli. Kwenye panya waliokatwa ngozi, ute huu uliongeza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, kwenye kidonda na kuifanya ijifunge vizuri zaidi, hilo lilichapishwa 1998. Panya lakini.

Tatizo ni kwamba shanga hizo hukatika. Jani likishakatwa, vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuzitafuna, na joto la kiwandani linaweza kumalizia kazi. Kwa hiyo majani mawili ya mmea mmoja, moja likipakwa sasa na jingine likifika kwako ndani ya chupa, si lazima yawe dawa moja.

Mwaka 2016 shirika la habari la Bloomberg lilipeleka maabara jeli za alovera zenye nembo za maduka makubwa ya Marekani. Asemanani haikuonekana, na kwenye nyingi alama nyingine za alovera nazo hazikuonekana. Kilichoonekana ni maltodekstrini, sukari ya bei rahisi inayotumika kuigiza. Chupa zenyewe zilikuwa zimeandikwa alovera kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo ule mchezo wa Denmark wa kuuliza "alovera au jeli bandia?" kuna watu wanaucheza nyumbani bila kujua, na pande zote mbili ni bandia.

#9 Ngozi Kavu

Hiyo ya mwisho imenichoma. Nina chupa mbili bafuni.

Swali langu, na ndilo lililonileta: mimi tatizo langu liko kwenye jina langu. Je, kwa kulainisha tu ngozi, bila ugonjwa, alovera inafanya kazi au tunajidanganya?

#10 Mtu wa Maabara

Inafanya, ila nusu ya kazi. Kuna tafiti ya 2006 iliyopima unyevu wa tabaka la juu la ngozi ya wanawake 20 baada ya kupaka michanganyiko yenye unga wa alovera. Yenye asilimia 0.25 na 0.5 iliongeza maji kwenye ngozi hata baada ya kupaka mara moja tu. Lakini kasi ya maji kupotea kutoka kwenye ngozi haikubadilika. Yaani alovera inaleta maji, haifungi mlango. Ndiyo maana mtu akipaka jeli peke yake anasikia ubaridi mtamu, kisha baada ya muda uso unakaza kama ngozi ya ngoma. Kule Denmark zaidi ya nusu ya wagonjwa walilalamikia madhara madogo, hasa ukavu. Paka jeli, na kabla haijakauka weka mafuta au losheni nzito juu yake. Mlango umefungwa.

#11 Sina Presha

Wakuu mimi naomba jibu moja tu kwa uso wangu. Chunusi na madoa zinazoachwa na chunusi. Inasaidia au haisaidii? Msinipe historia ya Ugiriki.

#12 Mleta mada

Hahaha, sawa mkuu.

Chunusi: kama msaidizi, ndiyo kidogo. Mwaka 2014 Iran walichukua watu 60 wenye chunusi hafifu hadi za wastani, wote wakapaka dawa ya chunusi iitwayo tretinoini ya asilimia 0.05, kundi moja likaongezewa jeli ya alovera na jingine jeli tupu. Baada ya wiki 8 wenye alovera walikuwa na chunusi chache zaidi, na wekundu wa ngozi yao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao. Kilichobeba mzigo hapo ni tretinoini, alovera ilikuwa utingo. Na tretinoini ni ya kuandikiwa, haifai kabisa kwa mjamzito.

Madoa: hapo kuna ukweli mdogo uliovimbishwa. Kwenye mshubiri kuna kemikali iitwayo aloesini ambayo inazuia tairosinasi, kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Mwaka 2002 watafiti waliunguza kwa mionzi ya jua ya bandia ngozi za watu 15, wakapaka aloesini, na rangi iliyotarajiwa ikapungua kwa asilimia 34. Arbutini, kemikali nyingine ya kupunguza rangi ya ngozi, ilipunguza kwa 43.5, zote mbili kwa pamoja 63.3.

Ila ilikuwa aloesini iliyochujwa ikawekwa yenyewe, kwenye doa jipya, kwa watu 15. Kutoka hapo hadi "paka jani uso ung'ae" ni safari ndefu ambayo sijaona aliyeifika. Kama unataka madoa yako yafifie, kinga uso na jua kila siku. Haina mvuto wa kuandikia tangazo, lakini doa linalopigwa jua halisikii dawa.

#13 Sina Presha

Utingo! Nimeelewa kuliko nilivyowahi kuelewa. Nashukuru.

#14 Mama Wawili

Na ya kuunguzwa na jua, lile lililonileta mimi? Au nayo ni utingo?

#15 Mleta mada

Dada, hiyo imegawanyika. Mwaka 2005 Thailand walipaka krimu ya alovera ya asilimia 70 kwa watu 20, kabla na baada ya kuunguzwa na mionzi ya jua ya maabara. Haikukinga na haikutibu. Mwaka 2008 Ujerumani walitumia jeli ya asilimia 97.5 kwa watu 40, na baada ya saa 48 wekundu ulikuwa umepungua kuliko kwa jeli bandia, ingawa haikuifikia krimu ya haidrokotisoni, steroidi nyepesi, ya asilimia 1. Kwa ubaridi na nafuu ya kuwaka, paka bila shaka yoyote kama ngozi yako inaikubali. Usiifanye kinga ya jua, hapo itakuangusha.

Kama utajaribu tena jani, likate chinichini, lisimamishe wima, upande uliokatwa uangalie chini, dakika 10 hadi 15, mpaka ule wa njano uache kuchuruzika. Menya ganda lote, usikwangue karibu nalo. Osha ute kwa maji safi. Paka kwanza kipande kidogo upande wa ndani wa mkono, subiri siku mbili. Ute unaobaki utupe siku hiyohiyo, au siku ya pili kama umeuweka kwenye friji, maana hauna kihifadhi na bakteria wanaupenda kuliko wewe.

#16 Ngozi Kavu

Kuna jirani yangu anakunywa jani zima kila asubuhi akisema ngozi inapona kutokea ndani. Mnasemaje?

#17 Mtu wa Maabara

Jani zima? Mwambie aache, leo.

Ule utomvu ni haluli kali, yaani dawa ya kuharisha. Marekani waliuondoa kwenye haluli zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, baada ya watengenezaji kushindwa kuleta data za usalama. Baadaye panya wa maabara waliokunywa dondoo la jani zima lisilochujwa kwa miaka miwili walipata uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana, na IARC, chombo cha Umoja wa Mataifa cha utafiti wa saratani, kikaliweka dondoo hilo la jani zima kwenye kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Angalieni neno ni "jani zima". Ute uliochujwa utomvu ni habari nyingine. Lakini jirani yako hachuji.

Na kuhusu ngozi kupona kutokea ndani, kinachotoka ndani hapo ni kuharisha, potasiamu inashuka, na mtu mwenye dawa za moyo au za kupunguza maji mwilini anaweza kupata matatizo ambayo si ya ngozi tena.

#18 Chungu Tamu

Kesho imefika, nimeamka vizuri. Nakubali na ile nusu nyingine.

Ila Mleta mada, nawe kubali langu moja. Tafiti zako nyingi zina watu 15, 20, 41, 60. Mnawadai wazee ushahidi, halafu ushahidi wenyewe ni watu wanaotosha kwenye daladala moja. Kama haukutosha kuthibitisha, hautoshi kukataa.

#19 Mleta mada

Mzee, hapo sina ubishi. Zile kubwa, za 194 na 225, ni za mionzi, na hizo ndizo zilizoikataa waziwazi. Kwingine kote, daladala moja ni kweli. Kwa kuungua nipo upande wako, kwa soriasisi nimekaa katikati, kwa mshono ulio wazi sitoki nilipo.

#20 Mama Wawili

Narudi na mrejesho. Nimelisimamisha jani dakika 15 kwenye bakuli. Sikuamini kiasi cha ule wa njano uliotoka, bakuli limebaki na doa hadi leo. Nimeosha ute, nikapaka kipande mkononi. Leo siku ya nne, hakuna kipele.

Shingoni bado sijathubutu.